Kle Iliyoachwa Kwenye Kumi

Daftari hili lilikuwa la injini. Kurasa za mbele ni namba tu: siku za kubadilisha oili, upana wa pistoni, gari la nani limeingia na lina shida gani. Nilisoma hadi darasa la sita na miaka miwili ya sekondari kule Bukavu kabla hatujarudi huku, kwa hiyo sijui kama mwandiko wangu unatosha kwa habari ndefu. Lakini habari hii nikiisimulia kwa mdomo najikuta naipunguza, na kila mara napunguza upande ule ule, upande wangu. Nikiiandika, labda nitaona mahali ninapokata.

Mzee alinifundisha kazi miaka kumi na miwili, katika garaji moja ya Kamembe, kwenye barabara inayoshuka kuelekea Gihundwe. Hakuwa mwenye garaji. Mwenye garaji ni patroni, mtu wa kukaa ofisini. Mzee na mimi tulikuwa watu wa chini ya gari. Yeye pia alikulia Bukavu na kujifunzia huko, na alirudi na mazoea ya huko.

Zoea moja lilikuwa la kukaza kulasi, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini. Kati ya kulasi na injini kunalala gasketi, na kulasi inashikwa na bolti kumi. Ukikaza kidogo, gasketi inapumua na kuungua. Ukikaza kupita kiasi, chuma kinapinda. Kipimo cha injini zetu nyingi ni kilo kumi, maana yake nguvu ya kilo kumi zikitundikwa kwenye mpini wa mita moja. Sisi hatukuwa na kifaa cha kupima. Tulikuwa na mkono. Mwalimu anakaza bolti nne za katikati, halafu anampa mwanafunzi kle, yaani spana, naye anamaliza sita za pembeni. Wanafunzi wote walifundishwa hivyo: unasikia mkono wa mwalimu ukiwa bado joto kwenye mpini, unaufuata. Hata nilipokuwa na watoto watatu na kuitwa Papa na madereva, kwa Mzee niliendelea kuwa mtu wa bolti za pembeni, na sikuona ubaya. Niliona ni heshima, kwake na kwangu.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la mama mmoja mjane, la kubeba abiria kati ya Nyakabuye na Kamembe. Alikuwa na dereva, lakini asubuhi aliliosha mwenyewe. Kulasi yake ilikuwa imekwisha kuparwa mara mbili ili inyooke, na fundi aliyeipara mara ya mwisho alisema hakuna tena nyama ya kuondoa. Tulifunga gasketi mpya kwa zoea letu, nne za Mzee, sita zangu. Siku ya tisa gari lilirudi likivutwa kwa kamba, moshi mweupe, oili imekuwa kama kahawa ya maziwa.

Tulifungua. Gasketi ilikuwa imeungua nyuma kabisa, pembeni.

Pembeni ni kwangu. Niliona hilo kabla ya mtu yeyote kusema, na namshukuru Mzee kwamba naye aliliona akanyamaza. Lakini kuna maelezo mengine, na fundi yeyote anayajua: katikati pakikazwa kupita kiasi, kulasi inapinda kama sahani iliyogeuzwa, na ncha zinanyanyuka hata kama bolti za pembeni hazina kosa. Basi kuungua kwa pembeni kungeweza kutoka kwa mkono wake au kwa mkono wangu. Gasketi haisemi.

Yule mama alisimama mbele ya injini na kitenge chake kimelowa mvua. Hakupiga kelele. Alituangalia kwa zamu.

"Banaume wawili kwa injini moja," alisema, "na hakuna mwenye anajua ni mukono gani iliharibu?"

Mzee alimjibu kwamba kazi ni ya sisi wote wawili. Mama akasema basi na aibu igawanywe, lakini abiria wake hawagawanyiki, wamekwisha kupanda magari mengine.

Patroni alikuwa na shida yake, na nisiifiche. Kule kituo cha magari Nyakabuye madereva walikwisha kuanza kucheka garaji yetu. Alituambia kwamba kulasi itanyooshwa kwa msasa kadiri inavyowezekana, na itafungwa tena bila malipo, lakini mkono uliokosea hautashika tena injini hapa. Hakutaja mkono wa nani. Hakuhitaji. Tangu mwaka uliopita Mzee akishika kikombe cha chai kilikuwa kinagongagonga sahani, na sote tulizoea kuangalia pembeni. Garaji ilikuwa mahali pake pekee. Hakuwa na shamba la kuita shamba, isipokuwa kipande cha mkewe huko Nkungu, na hakuwa mtu wa jembe. Sote tulijua kwamba Mzee akitoka hapo hatashika injini popote.

Mimi ndiye niliyependekeza kle ya dinamo. Nimeandika jambo hili peke yake ili nisiliruke. Kle ya dinamo ni spana yenye springi ndani ya mpini: unazungusha mpini hadi kwenye namba unayotaka, unakaza, na nguvu ikifika inalia, tak, unaacha. Nilisema tuitafute, tupime mikono yetu yote miwili, na kazi ya pili tuifanye kwa hiyo. Nilisema ni haki. Ilikuwa haki. Lakini nilikuwa pia mtu aliyeona gasketi imeungua upande wake, akitaka kitu kisicho mtu kiseme kwamba si yeye.

Katika maduka ya vipuri ya Kamembe hawakuwa nayo. Mmoja alinitolea kle ya kawaida yenye mpini mrefu akasema ndiyo hiyo hiyo. Mwingine alisema ataiagiza, nisubiri. Bukavu nilipata mbili, zote zimekufa, moja inalia hata ukiitikisa hewani. Halafu dereva mmoja wa Bugarama akaniambia kwamba kule bondeni, kwenye garaji inayotengeneza magari ya kubeba mpunga, ipo nzima.

Nilishuka siku ya pili. Mtunzaji wake alikuwa fundi Mwislamu wa makamo, mpole, mikono misafi kuliko ya fundi yeyote niliyepata kumwona. Aliniambia kle ile si ya garaji yake tu. Garaji nne zinaitumia. Inafungwa ndani ya kipande cha kitenge, inapewa dereva wa basi, inapanda Nyakabuye, inafika kwa mwenye kazi, inarudi kwa basi lingine, na haijapotea hata mara moja. Aliifungua juu ya mapaja kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga. Ilikuwa inang'aa kwa mafuta.

Nilishika mpini nikataka kuuzungusha, nione unavyokwenda.

"Wacha vile," akasema. "Iko tayari kwa kumi. Sisi bote tunaiachaka kwa kumi, mwenye kukuya asisumbuke."

Injini karibu zote za bonde lile zinataka kumi. Kwa hiyo anayemaliza kazi haifungui, anamwachia mwenzake namba ikiwa imekwisha kuwekwa, kama mtu anayekuachia moto jikoni. Niliona ni jambo zuri. Nililieleza hata kwa mke wangu. Nilimwambia kuna watu huko Bugarama hawajuani sura, wanaonana kwa namba tu, na bado wanafanyiana wema.

Kipimo tulikifanya asubuhi, mbele ya patroni na yule mama. Tulibana chuma kinene kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kikiwa na tundu lenye nyuzi, tukaingiza bolti. Kila mmoja akaze kwa mkono wake hadi pale anaposikia ni kumi, halafu kle ya dinamo ipite juu yake.

Nilianza mimi. Nilikaza, nikaacha. Patroni mwenyewe akashika kle, imewekwa kumi. Tak, na bolti haikusogea. Akapandisha kumi na moja. Bolti ikasogea. Maana yake mkono wangu ulikuwa kumi na kitu kidogo. Tulirudia, ikawa vile vile.

Mzee akavua koti. Aliweka mguu wa kushoto mbele kama kawaida yake, akashusha pumzi, akakaza. Nilimwangalia mkono na haukutetemeka. Mpaka leo nasema haukutetemeka. Patroni akapita na kle. Kumi, tak, haikusogea. Kumi na moja, haikusogea. Kumi na mbili, haikusogea. Kwenye kumi na tatu ndipo bolti ikazunguka. Akarudia, tukapata hivyo hivyo.

Mzee aliomba kurudia mara ya tatu. Patroni akamruhusu. Ikawa ile ile.

Mama wa gari ndiye aliyegeuka kwanza akaenda kusimama nje, na nadhani alifanya hivyo kwa huruma. Katikati pamekazwa kupita kiasi, ncha zimenyanyuka, gasketi imeungua pembeni. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Muzee," patroni alisema, "mukono inazeekaka sawa muntu mwenyewe. Haiko zambi."

"Kama chuma imesema," Mzee akajibu, "mimi niseme nini."

Aliosha mikono kwa sabuni ya unga, polepole, hadi kwenye viwiko. Kle zake aliziacha juu ya meza, zote, akaniambia nizitunze. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamwambia asante kwa miaka yote. Naona aibu kuandika hivyo, kwa sababu ndani nilikuwa nimepumua. Nilikuwa nimepumua tangu bolti yangu ilipokataa kusogea kwenye kumi.

Kazi ya pili niliifanya peke yangu. Bolti zote kumi, za katikati na za pembeni, kwa kle ya dinamo, kwa mpangilio, mara tatu nikipanda hatua kwa hatua hadi kumi. Kila moja ililia. Nilihesabu milio. Nikaifunga kle katika kitenge chake, nikaiacha kwenye kumi kwa ajili ya mwingine, nikampa dereva wa Bugarama.

Basi la mama lilifanya kazi wiki tatu. Halafu likafa kwenye mpando, likiwa limejaa watu na magunia. Nilipofungua, gasketi ilikuwa imeungua sehemu tatu na kulasi imepasuka kati ya matundu mawili. Hakukuwa na kunyoosha tena. Mama alikuja, akaangalia ule ufa kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Aliuliza safari hii nani alikaza. Nikasema mimi. Akauliza na kile chuma cha Bugarama kilisemaje. Nikasema kilisema kumi. Aliondoka, na basi lile lilivutwa wiki iliyofuata kwenda kukatwa.

Hapo ndipo nilipotaka kuipima kle yenyewe. Sio kabla. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sio kabla, na jibu silipendi: siku ile ya jiliwa kama ingenihukumu mimi, ningeipima jioni hiyo hiyo.

Nilishuka tena Bugarama nikaiomba. Nilichukua jerikani ya lita ishirini, nikaijaza maji, nikaipeleka kwa mwanamke anayeuza mpunga kwa mzani. Akanicheka kwamba nimekuja kupima mvua. Jerikani nayo ina uzito wake, kwa hiyo nilimwaga maji kidogo kidogo hadi mzani uliposema ishirini kamili. Nikabana kichwa cha kle kwenye jiliwa, mpini ukalala sawa na sakafu, namba ikiwa kumi. Kilo ishirini kwenye nusu mita ni kumi. Nikafunga jerikani kwa kamba kwenye mpini, karibu na jiliwa, nikaanza kuisogeza nje kidogo kidogo. Ilitakiwa ilie kwenye sentimita hamsini.

Ililia kwenye arobaini.

Nilirudia mara sita. Nilifikiria uzito wa mpini wenyewe, nikaona unasaidia kidogo tu, hauwezi kuleta tofauti ile. Arobaini ni nane. Kle ikisema kumi, ilikuwa nane. Springi iliyoachwa imebanwa kwenye kumi usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na watu wanaotaka mwenzao asisumbuke, ilikuwa imechoka.

Nikahesabu kwa penseli kwenye meza, kwa sababu sikujiamini kichwani. Mkono wangu, uliosemwa kumi, ulikuwa nane na kitu. Mkono wa Mzee, uliokataa kusogea hata kwenye kumi na mbili, ulikuwa kumi. Bolti zake nne za katikati zilikuwa sawa. Zilizolegea zilikuwa za pembeni, zangu, na gasketi iliungua pale pale.

Mtunzaji wa kle alikaa chini nilipomwonyesha. Hakubisha. Alizungusha mpini kurudi nyuma hadi mwisho, springi ikalegea, akaendelea kuushika. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole magari yaliyofungwa kwa kle ile mwaka huu, akaacha alipofika mkono wa pili.

Patroni nilimwambia kesho yake. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza nataka afanye nini: amwite mama ambaye basi lake limekwisha kukatwa, amwambie mkono mbaya ni wa fundi aliyebaki? Nikamwambia Mzee arudishwe. Akasema Mzee anatetemeka, na sote tumeona. Nikasema siku ile hakutetemeka. Akasema nifanye kazi. Sikusema naacha kazi. Watoto wangu wanasoma. Hilo nalo liwe hapa.

Kwenda Nkungu nilichelewa siku kumi na moja. Nilikuwa na sababu kila siku, na nilipokuwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, kwenye barabara ile ya udongo mwekundu, sikuikumbuka hata moja.

Mke wake alinipokea. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, amekalia bloku ya injini ya zamani aliyoileta huko miaka mingi iliyopita kuwa kiti cha uani. Alikuwa amekonda. Mkewe akaniambia kwa sauti ya chini kabla hatujamfikia:

"Tangu alitoka garaji, hakazake kintu. Hata kifuniko ya bido. Anasema ataivunja."

Niliona jerikani zao ukutani. Vifuniko vimewekwa juu tu, havijazungushwa.

Nilimwambia Mzee yote, nikiwa nimesimama. Springi, maji, arobaini, nane. Nikamwambia mkono wake ulikuwa kumi kamili na wangu ndio uliolegea. Alinisikiliza huku anaangalia vidole vyake.

"Ulijua lini?"

"Siku kumi na moja, Papa."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema chuma kinaweza kusema chochote, na maji pia ni kitu tu, leo maji yanasema hivi na kesho? Nikamwambia tupime hapa hapa, tuone. Nilikuwa nimekuja na kle yake mwenyewe na bomba la mita moja nililolitia alama, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake. Nilifikiri namletea zawadi. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, au ya tatu.

Tuliilaza bloku ubavu. Bolti zake za kulasi zilikuwa bado ndani, nikaipaka moja oili. Mzee akasimama, akaweka mguu wa kushoto mbele. Alikaza. Nilisikia pumzi yake, halafu nikaona mkono unafika mahali na kusimama, unaogopa, unataka kuendelea, unaacha. Haukutetemeka. Uliacha tu.

Nikaweka bomba kwenye mpini wa kle na jerikani yao moja niliyoipunguza maji hadi kama kilo ishirini, nikaisogeza kutoka kwenye bolti. Ishirini na tano. Thelathini. Nilitamani bolti ishike. Kwenye thelathini na mbili ikazunguka, bomba likainama, jerikani ikagusa udongo.

Mzee alijua hesabu ile kabla sijazaliwa. Aliangalia alama mahali kamba ilipokuwa, na midomo yake ikasogea kidogo. Karibu sita na nusu. Sikuwa na njia ya kumwambia namba nyingine.

"Unaona," alisema. "Ile chuma haikudanganya sana."

Nilianza kumweleza kwamba ni woga, si mkono. Woga tulioutia sisi, kwa kle ile. Angekaza siku chache mkono ungerudi. Akanisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza zamani nikikosea, bila kunikatiza. Halafu akafungua kamba, akanyanyua jerikani kwa mikono miwili na kumwaga nusu ya maji kwenye maharagwe ya mkewe, polepole, mstari hadi mstari. Alirudi na iliyobaki, akaokota kifuniko majanini, akanipa.

"Funga weye."

Nikafunga.